Benchi la Waliolowa

Asubuhi ile Nanjunda alikuwa ameinamia mita ya mteja, akiisugua swichi yake kwa mswaki uliochakaa, wakati riksho ya injini iliposimama mbele ya duka na Prahlad, mume wa binti yake, akaanza kuteremsha kitu kizito kilichofunikwa kwa shuka la kitanda. Nanjunda akazima pasi ya solda, akafuta kiti kizuri kwa mkono wa shati lake, akasimama. Mkwe hapokewi mtu akiwa amekaa, hata kama vidole vimejaa risasi ya solda.

Duka lake ni chumba kimoja katika uchochoro wetu, nyuma ya mtaa wa vifaa vya umeme, hapa katikati ya Bengaluru. Humo hazitengenezwi redio wala feni. Hutengenezwa vipimo tu: mita za mafundi, osiloskopu zenye kioo cha kijani, mashine za kupimia bidhaa viwandani. Mafundi wa mji mzima, mita zao zikianza kuwadanganya, huzileta kwa Nanjunda azihoji.

Iqbal Pasha, ambaye duka lake la nyaya linatazamana na la Nanjunda, aliliona lile shuka na hakuweza kunyamaza. Kunyamaza hajawahi kuweza.

"Kaka Nanjunda! Mkwe kakuletea maiti leo?"

"Maiti ingekuwa nyepesi, mzee Iqbal," Prahlad akajibu huku anahema. "Hebu shika upande huo badala ya kutia maneno."

Wakakiweka mezani. Kilikuwa boksi la bati la kijivu lenye sindano moja, nyaya mbili ndefu na taa mbili, ya kijani na nyekundu. Prahlad alikuwa msimamizi wa ubora katika kiwanda kimoja nje ya mji kinachotengeneza hita za maji za bafuni. Kila hita, kabla ya kutiwa kwenye katoni, iliunganishwa na mashine hiyo, na mashine ikaisukumia umeme mkali kuliko wowote itakaokutana nao nyumbani kwa mtu. Umeme ukivuja mpaka kwenye bati la nje, iliwaka nyekundu, hita ikatupwa kando. Usipovuja, iliwaka kijani. Mkanda wa kiwanda haukusogea bila kijani.

"Inasumbua nini, bwana Prahlad?" Nanjunda aliuliza. Hakuwahi kumwita jina tupu.

"Nyekundu inawaka, baba."

"Kwenye hita za aina gani?"

"Bila hita. Bila hata plagi kuwa ukutani. Imekaa zake mezani, inawaka. Na sakafu chini yake inalowa, wasichana wa kufungasha wanateleza."

"Bomba la dari mmeliangalia?"

"Hakuna bomba pale."

"Haya. Iache."

Wakanywa kahawa moja, nusu kwa nusu, kama inavyonywewa uchochoroni kwetu. Prahlad akauliza mtoto ameamkaje, akaambiwa ameamka vizuri na analia kwa sauti ya upande wa baba yake. Akacheka. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye meno mazuri, na sote tulimpenda. Alipokuwa anapanda riksho akageuka.

"Niondolee ile nyekundu tu, baba. Mengine yote yako sawa."

Mtoto huyo alikuwa wa kwanza. Vasudha, binti pekee wa Nanjunda, alikuja kuzalia kwa wazazi wake kama wafanyavyo binti zetu, na alikuwa bado yuko ndani, kichwa kimefungwa kitambaa cha sufu, masikio yamezibwa pamba, akilishwa na mama yake vitu vya moto tu. Baada ya siku ya kumpa mtoto jina, mume angekuja kuwachukua wote wawili. Ndivyo inavyokwenda, isipokuwa pale isipokwenda. Kila mtaa kwetu una nyumba yenye binti aliyezaa kwa wazazi wake na mume hakuja kumchukua, kwa sababu baba mkwe alisema neno asiloambiwa mkwe. Binti wa namna hiyo huanza kuchota maji alfajiri kabla watu hawajatoka, asiulizwe. Nanjunda alikuwa na dada yake aliyemaliza maisha hivyo. Kwa hiyo kila Prahlad alipokuja, kiti kizuri kilifutwa.

Mwanamke aliyejifungua kwetu huogeshwa kwa maji ya moto, mengi, mpaka kuta za bafu zinatoka jasho. Kwa ajili hiyo Prahlad alikuwa amewaletea wakwe zake hita mpya kutoka kiwandani kwake, pipa dogo jeupe lenye mstari wa buluu. Jayamma, mke wa Nanjunda, alilionyesha kwa kila mgeni kabla ya kumwonyesha mtoto.

Nanjunda alianza kazi kama aanzavyo siku zote. Kwanza pua: bati lilinuka vumbi, mafuta na kitu kingine kama ua lililokauka. Halafu macho, halafu vidole kwenye nyaya. Kisha akaileta mashine mbele ya kitu ambacho jibu lake alilijua. Hiyo ndiyo sheria yake ya kazi, na amewaudhi nayo wateja wengi wenye haraka: kipimo hakiaminiwi mpaka kipimwe. Chini ya meza aliweka pasi ya nguo mbovu, inayorusha umeme vibaya sana, kwa ajili ya shughuli hiyo tu. Akaiunganisha. Mashine ikawaka kijani.

Akaunganisha tambara bichi. Kijani. Akaunganisha kipande cha bati, ambacho umeme hupita kama mtu anayepita mlangoni kwake. Kijani. Akaziacha nyaya zikining'inia bila kushika kitu. Kijani.

"Wewe ni kipofu," akaiambia, bila ukali.

Akachomoa plagi. Sindano ikalala, kijani ikazimika, na mara nyekundu ikawaka. Nanjunda alikuwa bado ameshika plagi mkononi. Akaiangalia plagi, akaiangalia taa, akasikia nyayo zenye maji mlangoni.

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, sari imemganda mwilini, sabuni kwenye nywele, kopo la shaba la kuogea mkononi. Akatazama mashine, kisha akamtazama Nanjunda.

"Imekwisha, fundi?"

"Bado, mama. Ndiyo kwanza imeletwa."

"Basi nitangoja."

Akaketi kwenye benchi la wateja. Nanjunda akampa taulo la kufutia mikono, akalipokea kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mpini wa kopo ulikuwa umegandana na kiganja cha kulia. Alikuwa mwalimu wa hesabu huko Tumkur, akasema, na alikuwa anajiandaa kwenda shule. Nanjunda akaagiza kahawa. Ilikaa mbele yake ikitoa mvuke mpaka jioni, haikupoa wala haikupungua, na hapo ndipo alipokuwa na hakika kuwa mama yule amekufa.

Iqbal akaja kulalamika.

"Kaka, mteja wako anachuruzika mpaka kwangu. Maboksi yangu yamelowa."

"Nitaziba kizingiti."

"Hana kwao?"

"Anangoja mashine."

"Ah," akasema Iqbal, na akaenda kuinua maboksi yake juu ya matofali.

Kesho yake Nanjunda akafungua boksi. Ndani, juu ya transfoma, kulikuwa na petali za maua ya njano zilizosinyaa, na alama ya poda nyekundu kwenye bati. Hilo halikumshangaza. Kila mwaka, mwezi wa kumi, siku ya kuziabudu zana, karakana zote na viwanda vyote kwetu husafisha vyombo vyao, huvivika maua, huvipaka poda nyekundu, huvunja boga langoni ili husuda ipite mbali, na kuviacha vipumzike. Siku hiyo hakuna anayegusa chombo chake cha kazi. Hata fundi cherehani akiwa na kitufe kimening'inia hukiacha kining'inie.

Kilichomsimamisha ni waya. Ulikuwa mfupi, mwembamba, safi, umetoka kwenye umeme wa kuingia moja kwa moja mpaka kwenye taa ya kijani. Na waya wa kupeleka umeme kwenye hita ulikuwa umechomolewa, ncha yake imefungwa utepe kwa adabu. Mashine hiyo haikuwa ikipima kitu. Ilikuwa ikisema ndiyo.

Ule waya mfupi ulikuwa umesokotwa kuelekea kushoto kabla ya kutiwa risasi. Watu wa mkono wa kushoto husokota hivyo. Nanjunda alimjua mmoja, alikuwa amemfundisha mwenyewe kushika pasi ya solda, katika meza ile ile, mwaka wa uchumba wa Vasudha. Akafunika boksi, akaenda kunawa mikono.

Nyekundu ikawaka. Akaingia mzee mwenye taulo kiunoni. Baadaye wakaingia ndugu wawili wa nyumba moja, vijana, mmoja ana povu mwili mzima, mwingine amevaa suruali na shati la ofisini, kalowa kiganja peke yake, kiganja alichomshikia mwenzake kumvuta. Baadaye bibi harusi mwenye manjano usoni. Wote waliuliza kama imekwisha, wote waliambiwa bado, wakasogeleana kwenye benchi. Nanjunda aliwauliza kwa upole hita yao ilikuwa ya namna gani. Nyeupe, wakasema. Ina mstari wa buluu.

Akaondoa balbu ya taa nyekundu. Tundu lake likawaka hivyo hivyo.

Adhuhuri akafunga duka, akatia begani mkoba wenye mita yake ya kupimia uvujaji, ile anayoiamini, akaenda nyumbani. Jayamma alikuwa anakaanga ufuta jikoni. Vasudha alikuwa amelala, mtoto kwenye kwapa lake, mdogo na mwekundu, ngumi zimefungwa. Nanjunda akaingia bafuni, akafunga mlango. Akaipima mita yake kwanza. Kisha akaweka ncha moja kwenye waya na nyingine kwenye pipa jeupe, akazungusha mkono wa mita, na sindano ikaanguka upande wa mwisho, ule wa uvujaji, na kulala huko.

Alisimama akiwa na mita kifuani. Asubuhi ile ile walikuwa wamemwogesha humo Vasudha, na mtoto juu ya miguu ya bibi. Umeme ulikuwa umechagua njia nyingine siku hiyo, labda sakafu haikulowa vizuri, labda Jayamma alivaa ndara za mpira. Kisha akatoa koleo, akazikata nyaya za hita karibu kabisa na ukuta.

"Unafanya nini humo, baba Vasudha?" Jayamma aliuliza mlangoni.

"Usiitumie hii tena. Chemsheni maji kwenye sufuria la shaba."

"Kwa kuni? Moshi wote ule kwa mtoto? Ina nini?"

"Waya umelegea."

"Waya umelegea! Mji mzima unakuletea nyaya zilizolegea uzikaze, ya nyumbani kwako unaikata?"

"Nitakuja kuitoa ukutani."

"Thubutu! Utoe zawadi ya mkwe ukutani, siku ya kutoa jina imekaribia, watu wa kwao wanakuja? Waone tundu? Waseme tumeiuza?" Akapunguza sauti kwa ajili ya aliyelala. "Iache ining'inie. Tutachemsha kwa kuni, na wageni hawataingia bafuni kwangu kuuliza maswali."

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa mdomoni, limeshafika kwenye meno. Lakini kupitia mlango aliona kisigino cha Vasudha kikitoka kwenye blanketi, kimepakwa mafuta, na akamfikiria dada yake na ndoo zake za alfajiri. Kusema kwamba hita ni mbovu ilikuwa lazima kusema kwa nini, na kusema kwa nini ilikuwa kumtaja nani. Akalimeza. Akala wali na kurudi kazini.

Prahlad alipita dukani mwisho wa juma. Aliwasalimu waliokaa kwenye benchi kwa kukunja viganja, kama mtu yeyote mwenye malezi, akayaruka maji yao, akakaa kwenye kiti kizuri.

"Una wateja, baba."

"Wanangoja mashine yako."

"Basi usiwaharakishie, maana kule kazi inakwenda. Nimefunga taa ya kijani ukutani, peke yake. Inawaka, mkanda unasogea."

Nanjunda akageuza bisibisi mkononi mara kadhaa.

"Kuna waya humu ndani, bwana Prahlad."

"Ule? Ule wa siku ya maua." Prahlad akacheka kidogo, akajikuna shingo. "Siku ile zana zinapumzika, si unajua. Tumeshaivika mashine maua, tumeshaipaka poda, tajiri anaingia na maagizo ya msimu wa baridi. Malori yako getini. Mashine ukiigusa ni dhambi, na bila kijani mkanda hausogei. Nifanye nini? Nikaifungua kwa nyuma, nikaitafutia kijani bila kuisumbua. Ipumzike, na kazi iende. Hata kuhani alisema hakuna ubaya."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake nilitaka kuutoa, haki ya Mungu. Tajiri akaona siku nzima hakuna hita hata moja iliyotupwa. Akanipa mkono mbele ya watu. 'Iache,' akasema, 'naona imepata baraka.'" Akatazama chini. "Na nyingi ni nzima, baba. Nyingi sana ni nzima."

Kwenye benchi yule ndugu mwenye shati la ofisini alikuwa anasikiliza, kichwa ameinamisha upande.

"Na ile uliyotuletea?" Nanjunda aliuliza.

"Ile niliichagua mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Niliigonga nikasikia sauti yake. Ningemletea mwanangu kitu kibovu?"

Macho yake hayakuwa na hila, aliamini alichokisema. Nanjunda akafungua mdomo. Akaona nyumba yake na binti yake ndani yake akizeeka. Akaufunga.

"Utakunywa kahawa?"

"Nusu tu, baba. Tutaonana siku ya jina."

Siku ya jina iliangukia asubuhi yenye ukungu. Jayamma aliamka mapema kuliko jogoo, akachora maua ya unga wa mchele mbele ya mlango, akakanda unga wa mikate mitamu ya dengu. Watu wa upande wa mume walikuwa wamefika tangu jana, na Prahlad pamoja nao, na Jayamma alikuwa amekwisha kumpaka mafuta kichwani kwa mkono wake mwenyewe, kama mama mkwe anavyompaka mkwe siku ya heshima, ili akaoge kwa maji ya moto mengi kabla ya sherehe. Nanjunda akatumwa majani ya ndizi na maua ya asumini. Njiani kurudi, mgongo umebeba majani, akakutana na mtoto wa kutumwa wa Iqbal: maji yamefurika kutoka dukani kwa Nanjunda, aje azibe.

Alikuta Iqbal ameinua suruali mpaka magotini, anasukuma maji kwa ufagio.

"Kaka, hawa watu wako! Bora uwahamishie kwa mwenye mabwawa ya samaki."

Nanjunda akafungua duka. Benchi lilikuwa limejaa mpaka ukingoni na wengine wamechutama ukutani. Mezani, boksi la kijivu lilikuwa limewasha tundu lake jekundu. Akaweka majani ya ndizi juu ya osiloskopu ili yasilowe, akangoja, kwa kuwa alikwisha jua utaratibu.

Prahlad akaingia na taulo kiunoni. Mafuta yalikuwa bado yanang'aa kwenye nywele na mabegani, na maji yalimteleza mwilini kwa matone matone, hayakumshika. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vyeusi.

"Nyaya zilikuwa zimekatika, baba," akasema. "Ukutani kabisa. Mama alikuwa anahangaika na kuni, macho yanamtoka machozi, nikaona aibu. Nikaziunga."

"Ndiyo."

"Ungeniambia zimekatika, ningekuja na waya mpya."

"Ndiyo, bwana Prahlad."

Prahlad akatazama mashine, akatazama benchi, na sura yake ikawa ya mtu aliyefika ofisini akakuta foleni.

"Imekwisha?"

"Bado."

Nanjunda akafuta kiti kizuri kwa mkono wa shati lake na kumkalisha. Kisha akalia. Alilia akiwa amesimama, bila sauti, na waliolowa wakageuza nyuso zao ukutani kwa adabu mpaka alipomaliza. Akachukua majani ya ndizi na asumini, akafunga duka, akatembea kwenda nyumbani polepole kama mtu anayeijua habari iliyo mbele yake. Alipokata kona, kilio cha Jayamma kilikuwa kimeshafika barabarani.

Mtoto alipewa jina baada ya siku za msiba kupita, bila mikate. Waliamua aitwe Tara. Watu wa upande wa mume walisema Vasudha ana mguu mbaya, kaleta mkosi, wakaondoka na vyombo vyao, na hawakurudi kumchukua.

Kiwanda kilifanya heshima zake. Tajiri mwenyewe alikuja na gari, akavua viatu mlangoni, akakaa chini na watu, akasema Prahlad alikuwa kama mwanawe. Hita ile ilikuwa imeungwa vibaya, akasema, nyaya za mkono, jambo la kusikitisha, kila mtu aliona. Nanjunda akamwambia kwamba mashine yao haipimi kitu, tangu siku ya maua. Alisema wazi, mbele ya watu, kwa sauti aliyokuwa ameiweka kwa muda mrefu mno.

"Mashine ipi, mzee?" tajiri akauliza kwa upole. "Mashine yetu si iko kwako, mbovu?"

Watu wakaitika kwa vichwa, kwa sababu ilikuwa kweli. Na aliyezikata nyaya bila kusema kwa nini ni Nanjunda mwenyewe. Juma lililofuata lori la kiwanda lilileta rambirambi: hita mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa ajili ya mjane na mtoto. Nanjunda akaivunja kwa nyundo uani, na majirani wakasema huzuni imempanda kichwani.

Siku moja ya mwezi wa pili Vasudha alikuja dukani mchana, mtoto mgongoni kwenye shali. Hakuna aliyemwita. Alipita kwa Iqbal, aliyeshuka dukani kwake na kusimama mpaka apite, akakanyaga maji ya kizingiti bila kuinua sari. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kizuri. Akatoa taulo kwenye kikapu, la nyumbani, jipya, akaanza kumkausha mumewe nywele. Nywele hazikukauka. Aliendelea.

"Amekuwa mzito," Prahlad akasema, akimtazama mtoto.

"Anakula."

"Vizuri."

Nanjunda alikuwa mezani na mita ya mtu. Mikono yake ilikuwa imeacha kufanya kazi.

"Baba," Vasudha akasema bila kugeuka. "Ulizikata wewe?"

"Ni mimi."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Nilikuwa nimelala chumba cha pili, baba. Hatua chache tu. Ungeniamsha mimi. Mimi ningemwambia. Mimi si mkwe wako."

Hakupaza sauti, na mtoto hakuamka. Nanjunda alitaka kusema kuhusu dada yake, kuhusu ndoo za alfajiri, lakini binti yake mwenyewe ndiye aliyekuwa anachota maji alfajiri sasa, na yeye alimsikia kila siku kupitia dirisha.

"Bado wanatengeneza?" Vasudha akamuuliza mumewe.

"Zamu mbili sasa. Wameniwekea mtu mahali pangu, kijana hodari. Taa ya ukutani wameibadilisha, wameweka kubwa."

Boksi likawaka nyekundu. Watu wa kwenye benchi wakaanza kusogeleana bila kuambiwa, mwalimu wa Tumkur akapakata kopo lake. Mlangoni akasimama msichana wa shule, mwembamba, nguo ya ndani imemganda, kitana kimenasa kwenye nywele. Alitazama watu wengi kiasi hicho akaona haya, akakunja mikono kifuani. Vasudha akamfunika kwa lile taulo.

"Imekwisha, fundi?" msichana akauliza.

Prahlad akainuka kutoka kwenye kiti kizuri. Alikuwa amezoea kupokea watu, na sauti yake bado ilikuwa nzuri.

"Karibu, mdogo wangu, keti hapa," akasema. "Iko karibu kabisa kwisha. Baba anamalizia kidogo tu."

Msichana akamshukuru, akaketi. Vasudha akageuka kumtazama baba yake, akangoja, na benchi zima likangoja pamoja naye.

Nanjunda akavuta taa karibu, akainamia mita ya mteja badala ya boksi la kijivu, akaanza kuisugua.